Maji ya moto hayana nguvu? Kagua mabomba kabla ya kununua pampu

Katika nyumba nyingi kongwe hapa Mombasa, maji baridi hutoka vizuri lakini ya moto hudondoka tu. Mwenye nyumba hukimbilia pampu au hita kubwa zaidi. Mimi naona pesa hizo mara nyingi hupotea, kwa sababu ugonjwa uko kwenye mabomba.

Anza kwa kupima. Weka ndoo ya lita 10 chini ya mfereji, kisha hesabu dakika. Maji baridi yakiijaza kwa dakika 1 na ya moto kwa dakika 3, kizuizi kiko kwenye hita au bomba lake. Yote mawili yakiwa hafifu, angalia tangi na bomba linaloshuka kutoka juu.

Bomba la chuma hushika kutu kwa ndani. Maji yetu ya visima yana chumvi na chokaa, na chokaa hugandana zaidi penye joto. Ndiyo maana upande wa maji ya moto huziba mwanzo. Kichwa cha shawa kiroweke kwenye siki usiku kucha. Bomba lililoziba libadilishe kwa PPR, inayostahimili joto. Plastiki ya maji baridi hulainika.

Kisha tazama urefu. Tangi lililo mita 10 juu ya shawa hutoa msukumo wa takriban baa 1. Mita 2 ni baa 0.2 tu. Kuliinua husaidia, ila fundi athibitishe kwanza kama paa litabeba, kwani lita 1,000 za maji ni tani nzima. Nayo pampu kwenye bomba bovu hupasua maungio, maji yakaingia kwenye kuta za mawe na chokaa.

Hita kubwa huongeza bili, haiongezi msukumo. Shawa ya kilowati 5 ikiwaka dakika 10 hula takriban uniti 0.8 za stima.

La mwisho ndilo zito. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi. Nunua shawa iliyotengenezewa maji hayo, na fundi wa stima ahakikishe pana waya wa ardhi na swichi inayojikata umeme unapovuja. Nyumba za zamani nyingi hazina. Hapo sikubali neno "tutaangalia baadaye": wazee na watoto wetu husimama pale miguu mitupu, wamerowa. Kama pesa hazitoshi yote, anza na hilo, mabomba yafuate.