Veronika Yuko Injili Gani?

Ijumaa iliyopita tulipomaliza Njia ya Msalaba parokiani kwetu, kijana mmoja wa mafundisho ya Kipaimara alimfuata katekista akamwuliza: "Mwalimu, huyu Veronika wa kituo cha sita yuko katika Injili gani? Nimemtafuta, sikumwona." Katekista akamwambia aache ubishi, asije akapoteza imani. Kijana akanyamaza, akaenda zake ameinamisha kichwa.

Nilikuwa nimesimama pale pale, na mimi nikanyamaza. Jambo hilo limenisumbua wiki nzima, maana kijana alisema kweli. Veronika hayumo katika Injili zote nne. Wala hamna habari za Yesu kuanguka mara tatu, wala za kukutana na Mama yake njiani. Vituo vitano hivyo vimetoka kwingine, na ni haki ya kijana kuambiwa vimetoka wapi.

Wengi wetu hudhani vituo 14 vilipangwa Yerusalemu tangu zamani za Mitume, kisha vikaletwa kwetu kama vilivyo. La hasha. Ni kweli Wakristo walizuru mahali hapo patakatifu tangu karne za mwanzo, na mwaka 1342 Papa Klementi VI aliwakabidhi Wafransisko ulinzi wa mahali hapo. Lakini hesabu ya vituo haikuwapo. Mwingereza William Wey, aliyehiji mwaka 1458 na tena 1462, ni miongoni mwa watu wa kwanza kuandika neno "vituo" kwa maana hii. Na katika zama zake wahujaji walikuwa na desturi ya kuanzia Kalvari, wakirudi nyuma hadi nyumba ya Pilato! Leo tungesema wameifuata njia kinyumenyume.

Kumbe ibada yenyewe ilikuwa ikikua Ulaya, kwa watu ambao Yerusalemu hawangefika. Safari ilikuwa ya miezi mingi, ya gharama na ya hatari. Basi walijijengea Yerusalemu yao nyumbani. Mjini Nuremberg mchongaji Adam Kraft alichonga vituo saba tu, na kwa watu wa huko vilijulikana kama maanguko saba. Kwingine vilizidi hata 30. Mwaka 1584 kilichapwa mjini Cologne kitabu cha padre Mholanzi, Adrichomius, chenye vituo 12, na hivyo ndivyo vituo vyetu 12 vya kwanza. Yaani mpangilio tunaoufuata ulitengenezwa na waandishi wa vitabu vya sala wa kaskazini ya Ulaya, na baadaye Yerusalemu yenyewe ikafuata hesabu yao. Hata barabara wanayopita wahujaji huko leo ina maswali, kwa kuwa wataalamu wengi wa mambo ya kale wanaona Pilato alihukumu upande wa magharibi wa mji, penye jumba la Herode, na siyo pale msafara unapoanzia.

Yaliyobaki ni habari za ruhusa. Mwaka 1686 Papa Inosenti XI aliwaruhusu Wafransisko kuweka vituo makanisani mwao, na mwaka 1731 Klementi XII akaruhusu viwekwe katika makanisa yote, akiweka idadi iwe 14. Mfransisko Leonard wa Port Maurice aliweka vituo mahali zaidi ya 570 katika miaka 20 hivi, pamoja na vile vya Kolosei, Roma, mwaka 1750. Mtu huyo sijui alikuwa akilala saa ngapi.

Sasa, je, swali la kijana ni ubishi? Ijumaa Kuu ya mwaka 1991, Papa Yohane Paulo II aliongoza Njia ya Msalaba pale pale Kolosei kwa vituo 14 vilivyotoka katika Injili peke yake. Veronika hakuwamo. Wala Papa hakuvifuta vile vya zamani, na makanisani mwetu bado viko ukutani.

Nami sitaki vifutwe. Mwaka 1773 Papa Klementi XIV aliruhusu wagonjwa, wafungwa na wengine wasioweza kufika kanisani wasali Njia ya Msalaba wakishika msalaba uliobarikiwa kwa ajili hiyo. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa amepooza miguu, alisali hivyo kitandani kila Ijumaa ya Kwaresima, na msalaba wake wa mbao ulikuwa umelainika kwa kushikwa. Akifika kituo cha sita alikuwa akishika upindo wa khanga yake na kujipangusa uso, polepole, kabla ya kuendelea. Sikupata kumwuliza Veronika katoka wapi.

Ijumaa hii nitakwenda mapema kidogo, nimtafute yule kijana. Na katekista pia, kama atakubali tukae watatu.