Kahawa ya nani? Uzi kuhusu jina lililo kwenye daftari

Uzi wa leo ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Kampeni zikikaribia, huku Meru mjadala wa kahawa hufufuka. Nani atafukuza mabroka, nani atafuta madeni ya vyama vya ushirika. Sitataja mwanasiasa wala chama cha siasa. Ninachoona ni kwamba tunatafuta wezi sana na kusahau daftari.

Mimi ni wa Githongo. Ukipanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya utakuta majani chai, ukishuka utakuta kahawa. Kwa hiyo hii si hadithi ya mbali kwangu.

Turudi nyuma. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilimzuia Mwafrika kupanda kahawa. Sababu zilizotolewa zilikuwa magonjwa ya mimea na wizi. Ile nyingine kila mtu aliijua: mwenye kahawa yake haendi kumchumia mlowezi kwa mshahara wa njaa. Miaka ya 1930 walipolegeza, walianza na majaribio Meru, Embu na Kisii, mbali na mashamba makubwa ya walowezi. Hata hapo ulihitaji leseni, idadi ya miche ilipangwa, na mkaguzi alikuja kuangalia. Yaani tangu siku ya kwanza kahawa yetu ilikuwa zao la kusimamiwa.

Kisha 1954, katikati ya hali ya hatari, ukaja Mpango wa Swynnerton. Vipande vya ardhi viunganishwe, watu wapewe hati, mazao ya biashara yaongezwe. Sawa. Lakini hati inataka jina, na jina lililoandikwa mara nyingi lilikuwa la mwanamume wa boma. Sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963 ikalipa jina hilo uzito ambao mila haikuwahi kumpa mtu mmoja. Awali shamba lilikuwa na haki nyingi ndani yake: za mke, za wana, za ukoo. Zote zikabanwa kwenye mstari mmoja.

Chama cha ushirika nacho kikafuata mstari huohuo. Mwenye shamba ndiye mwanachama. Mwanachama ndiye anapiga kura kwenye mkutano mkuu, ndiye analipwa, ndiye anakopeshwa.

Baada ya uhuru tulibadilisha bendera, mfumo ukabaki. Mkulima mdogo alilazimika kupitia chama, chama kikapitia kinu, kisha Bodi ya Kahawa, kisha mnada wa Nairobi. Kung'oa mkahawa wako mwenyewe bila kibali lilikuwa kosa! Najua wazee watanijibu kwamba miaka ya 1970 watu walijenga nyumba za mawe kwa kahawa. Kweli kabisa. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil 1975, bei ikapaa duniani, na bei nzuri huficha mengi.

Julai 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko yakavunjika, bei ikaanguka, na mfumo ukabaki uchi. Msimu wa 1987/88 Kenya ilitoa karibu tani 130,000. Miaka ya karibuni hatufiki hata nusu ya hizo.

Sheria ya 2001 ilifungua soko. Mwaka 2023 ukaja utaratibu wa kulipa pesa moja kwa moja kwa mkulima, ili zisipotelee njiani. Mimi naunga mkono hilo, msinielewe vibaya. Swali langu ni moja tu: mkulima yupi?

Nyanya yangu amechuma kahawa tangu kabla mama yangu azaliwe. Namba ya uanachama ni ya babu, na babu alishafariki. Kwenye mizani bado anaitwa kwa jina la babu, naye anaitika. Malipo yalipoanza kupitia benki, akaunti ikawa ya marehemu. Akaambiwa alete barua ya chifu, cheti cha kifo, kisha kesi ya mirathi kortini, na mirathi inataka wana wote wakubaliane. Nauli na ada zimeshakula zaidi ya msimu mmoja wa kahawa. Kupiga kura kwenye mkutano mkuu hawezi, kwa hiyo viongozi ambao wengine wanawaita wezi hakuwahi kuwachagua wala kuwaondoa. Mkopo wa mbolea pia hapati, maana hati si yake.

Katiba ya 2010 inasema mke na mume wana haki sawa. Daftari la fakitori halijasoma hiyo katiba.

Kwa hiyo mtu akija na sera ya kahawa, muulizeni atafanya nini na namba za marehemu, na kama mke anaweza kuandikishwa bila kungoja mume afe. Akijibu kwa habari za mabroka tu, basi hajawahi kusimama kwenye foleni ya mizani.

Upande wa chai nitauandika kesho, maana bonasi ina kisa chake.