Leta au ingiza? Istilahi za faili la usanidi wa VPN

Ingiza ni umbo la kusababisha la kitenzi ingia. Katika lugha ya kompyuta kitenzi hiki kimebebeshwa maana mbili: kuandika kitu kwa kibodi, kama katika "ingiza nenosiri"; na kuipa programu faili lililo tayari ilisome, kama katika "ingiza faili". Maana hizi zikichanganywa, maelekezo humpoteza msomaji.

Tuchukue mfano wa NetworkManager, programu isimamiayo miunganisho ya mtandao katika Linux. Mtu aliyepewa faili lenye kiishio .ovpn, akiambiwa "ingiza mipangilio ya VPN", huenda akafungua fomu tupu na kuanza kujaza anwani ya seva, vyeti na funguo, kimoja baada ya kingine. Lililokusudiwa ni jepesi zaidi. Katika mipangilio ya mtandao ya GNOME, abonyeze alama ya kujumlisha kwenye sehemu ya VPN, achague kuleta kutoka kwenye faili, aoneshe faili lilipo, kisha aongeze. Programu-jalizi ya OpenVPN sharti iwe imesakinishwa kabla.

Kwa hiyo inapendekezwa kutofautisha hivi:

Leta: kwa faili lililokwisha kuandaliwa. "Leta faili la usanidi."
Ingiza: kwa herufi na tarakimu zichapwazo. "Ingiza nenosiri la VPN."
Sanidi: kwa kupanga vipengele vya muunganisho. "Sanidi VPN upya."
Sakinisha: kwa kuweka programu. "Sakinisha programu-jalizi."

Tanbihi. Leta hapa haina maana ya hamisha, kwani faili asilia hubaki lilipokuwa. Wala programu haiendelei kulifuata: ukilirekebisha baadaye, muunganisho ulioundwa haubadiliki mpaka uusanidi wenyewe. Aidha, faili la namna hii mara nyingi hubeba ufunguo wa siri ndani yake; anayemtumia mwenzake faili hilo huenda amemkabidhi ufunguo wa nyumba, si anwani tu.

Ngeli. Faili limewekwa hapa katika ngeli ya LI-YA (faili hili, mafaili haya). Wapo waandikao faili hii, faili hizi. Chagua moja, uidumishe katika matini nzima.