Kirira: Ushahidi wa Mwembu na Hatua za Sayansi ya Anga

Mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na makao Rabai, alifika Ukambani na huko akazungumza na mtu wa Embu aitwaye Rumu wa Kikandi. Rumu alimweleza habari za Mlima Kenya, ambao Waembu huuita Kirinyaga na Wameru huuita Kirimaara. Alisema amefika mlimani lakini hajaupanda, kwa kuwa juu yake kuna kirira, kitu cheupe kinacholeta baridi kali mno, na kwamba kitu hicho huporomoka kutoka juu kwa kishindo kikubwa. Tarehe 3 Desemba mwaka huohuo, akiwa Kitui, Krapf aliziona kwa macho yake pembe mbili za mlima huo zikiwa nyeupe. Krapf alikuwa mtu wa lugha. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Nadhani sikio hilo la mwanakamusi ndilo lililomfanya aliandike neno kirira kama alivyolisikia, badala ya kuharakisha kuliita theluji. Maneno ya Rumu hutajwa katika vitabu vya historia kama kionjo cha safari. Mimi nayasoma kama hatua katika historia ya sayansi, na nadai kwamba sayansi za anga na barafu zimepiga hatua kila mara pale ushahidi wa aliye mahali ulipokubaliwa kuingia katika hesabu ya aliye mbali. Orodha zinazoanza na chombo, mashine au mpanda mlima wa kwanza huanzia hadithi katikati.

Tuutazame ushahidi wenyewe kwa karibu. Rumu anataja sifa nne: rangi ya kitu, athari yake mwilini, mwendo wake na sauti yake. Sifa ya mwendo ndiyo nzito kuliko zote. Watu waliotaka kukana kuwepo kwa theluji walikuwa na maelezo mbadala, kwa mfano kwamba weupe ule ni wa mawe tu yanayong'aa juani. Lakini jiwe jeupe halileti baridi, wala haliporomoki mara kwa mara likaendelea kubaki kileleni. Sifa tatu za kwanza zikiunganishwa na ile ya nne, hakuna kitu kingine duniani kinachozitosheleza isipokuwa barafu na theluji. Krapf aliielewa hoja hiyo, akahitimisha kwamba kinachoelezwa ni barafuto, yaani mito ya barafu. Zaidi ya hayo, shahidi alitaja mpaka wa ujuzi wake: hajapanda. Mtu anayetunga hadithi ili amfurahishe mgeni hana sababu ya kujipunguzia sifa namna hiyo. Kutenganisha ulichokiona na usichokiona ndiyo adabu ya kwanza ya uchunguzi.

Huko London, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga bara la Afrika, alizipinga habari za theluji zilizoletwa na Krapf na mwenzake Johannes Rebmann, aliyekuwa ameiona Kilimanjaro mwaka 1848. Kitabu chake cha mwaka 1852 kiliendeleza ukanaji huo. Ni haki kumtetea kidogo: shaka ni chombo halali cha msomi, na wasafiri wengi wa zama zile walileta uongo mwingi. Lakini shaka ya Cooley haikuwa na msingi katika elimu ya hali ya hewa ya wakati wake. Theluji kwenye ikweta ilikuwa imeshajulikana Ulaya kwa zaidi ya miaka 100. Pierre Bouguer na wenzake walikuwa wameichunguza milima ya Ekwado tangu miaka ya 1730, na Alexander von Humboldt alikwea mteremko wa Chimborazo mwaka 1802. Kanuni ya kwamba baridi huongezeka kadiri unavyopanda haikuwa na ubishi. Kwa hiyo swali halikuwa kama barafu inaweza kukaa ikweta, bali ni nani mwenye haki ya kusema imekaa. Ilibidi kungoja hadi Joseph Thomson alipoupita mlima upande wa Laikipia mwaka 1883, na Sámuel Teleki alipoukwea mteremko wake mwaka 1887, ndipo mjadala juu ya Mlima Kenya ukafungwa. Hadi Thomson alipofika, ushahidi wa Mwembu ulikuwa umekaa miaka 34 bila kuhesabiwa.

Ipo hoja ya kupinga ambayo siwezi kuipita. Msomaji anaweza kusema kwamba ushahidi si sayansi. Rumu hakupima kitu, hakuandika, na hakurudia uchunguzi wake kwa utaratibu uliokubaliwa. Kumwita mwanasayansi ni kutafuta fahari ya kwetu kwa nguvu. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Simwiti mwanasayansi, na neno hilo lingemkaa vibaya. Ninachosema ni kwamba uchunguzi wake ulikuwa data kwa maana kamili ya neno, na kwamba thamani ya data haitegemei cheo cha aliyeitoa. Hata kazi ya waliokuja na vyombo imepata maana kwa njia ileile. Halford Mackinder alifika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, na tarehe hiyo ndiyo inayokumbukwa. Kwa mtaalamu wa barafu wa leo, kilele si kitu kikubwa. Kikubwa ni kwamba msafara ule uliacha picha na ramani zinazotuwezesha kuhesabu barafuto 18 zilizokuwapo. Mwaka 1934 Carl Troll na Karl Wien waliipima na kuichora barafuto ya Lewis. Kuanzia 1978 hadi 1996 ilipimwa mwaka baada ya mwaka, katika kazi iliyoongozwa na Stefan Hastenrath wa Chuo Kikuu cha Wisconsin: barafu iliyoongezeka, barafu iliyoyeyuka, na tofauti yake. Vipimo vya 2010 vilipolinganishwa na ramani ya 1934, ilionekana Lewis imepoteza asilimia 79 ya eneo lake na asilimia 90 ya ujazo wake. Hakuna mtu mmoja aliyegundua jambo hilo. Limegunduliwa na kurudia.

Hapa historia ya kompyuta inaingia, kwa mlango ambao ni wa kubuni. Mwaka 1922 Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha kitabu juu ya kutabiri hali ya hewa kwa hesabu. Ndani yake alijiruhusu ndoto moja: ukumbi wa duara mithili ya jumba kubwa la maigizo, kuta zake zimechorwa ramani ya dunia, na ndani yake wameketi watu 64,000 wanaokokotoa, kila kundi likishughulikia hewa ya eneo lake, huku msimamizi akiwaongoza kwa taa kama kiongozi wa okestra. Uingereza aliiweka kwenye roshani, na nchi za tropiki akaziweka ghorofa iliyo chini yake. Ndoto hiyo husifiwa kama utabiri wa kompyuta, na kwa haki. Mwaka 1950 mashine ya ENIAC ilitoa utabiri wa kwanza wa aina hiyo. Lakini jaribio la Richardson mwenyewe, alilolikokotoa kwa mkono kwa ajili ya Ulaya ya kati tarehe 20 Mei 1910, lilishindwa vibaya. Hesabu yake ilisema kanieneo ya hewa ingepanda kwa hektopaskali 145 ndani ya saa 6, ilhali siku hiyo haikubadilika karibu hata kidogo. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba milinganyo yake ilikuwa sawa kwa kiasi kikubwa. Kasoro ilitoka kwenye vipimo vya kuanzia: upepo na kanieneo vilivyoingizwa havikuwa vimepatanishwa. Jambo hili lapaswa kusisitizwa. Jaribio la kwanza la kutabiri hali ya hewa kwa hesabu liliangushwa na kile kilichotoka nje ya ukumbi, kwenye vipimo vya upepo na kanieneo.

Filamu fupi ya Wanuri Kahiu iitwayo Pumzi, ya mwaka 2009, imeliona jambo hili waziwazi kuliko Richardson. Asha, mtunza makumbusho katika jamii inayoishi ndani ya jengo lililofungwa baada ya vita vya maji, analetewa udongo wenye unyevu. Anaupima. Vipimo vinaonyesha uhai unawezekana nje, lakini wenye mamlaka wanakataa, kwa sababu mfumo wao umeshaamua kwamba nje kumekufa. Hali ya Asha ni hali ya Rumu: sampuli iko mkononi, na jibu limeshatolewa na watu wasiotoka nje.

Ghorofa ile ya tropiki ya Richardson ilibaki na viti vitupu kwa muda mrefu. Mauna Loa huko Hawaii ilianza kupima hewa ukaa mfululizo mwaka 1958, lakini Afrika ya ikweta ilikuwa na pengo hadi mwaka 1999, kituo kilipofunguliwa kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, chini ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa ushirikiano na Uswisi. Hupima gesi kama ozoni na kaboni monoksidi. Namna data yake inavyosomwa inafundisha mengi. Mchana jua huipasha miteremko joto, nayo hewa hupanda kutoka chini, ikibeba moshi na vumbi la mashamba. Usiku mteremko hupoa na hewa hushuka, hivyo kituo huzungukwa na hewa safi ya tabaka la juu. Mtaalamu hutenganisha saa hizo mbili. Usiku anapata habari za dunia, na mchana anapata habari za wanaolima na kuwasha moto chini ya mlima. Bila kuujua mlima na watu wake, namba zilezile zingempotosha.

Wengine watahoji: je, barafu ya mlima huu ni kipimajoto kweli? Utafiti unaonyesha kwamba kupungua kwake kulianza mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipokauka, kabla ukanda huu haujapata joto kubwa. Mito nayo, kama Rupingazi unaopita Embu na Kathita unaopita Meru, hulishwa hasa na mvua inayonyesha kwenye msitu, wala mchango wa barafu si mkubwa. Hoja zote mbili ni za kweli, na anayesema barafu ikiisha mito itakauka anaipotosha jamii. Lakini tofauti hii kati ya ukame na joto tumeijua kwa nini? Kwa sababu kuna mfululizo wa vipimo unaoturuhusu kuuliza ni lini barafu ilipungua na kwa kasi gani. Thamani ya barafuto ni ya shahidi, si ya tangi.

Barafuto ya Gregory, iliyopewa jina la mwanajiolojia aliyefika mlimani mwaka 1893, ilikuwa imetoweka mwaka 2011. Lewis imebaki vipande vyembamba ambavyo haviwezi tena kuporomoka kwa kishindo alichokieleza Rumu. Rekodi yetu ya zamani kabisa ya sauti hiyo ni maneno ya Mwembu mmoja, yaliyoandikwa Ukambani mwaka 1849, pamoja na neno alilolichagua yeye mwenyewe.