Moyo wa Chura na Chupa ya Soda

  

Hebu weka mkono kifuani, upande wa kushoto kidogo. Umeusikia? Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Wa mtoto mchanga huenda mbio zaidi, kati ya mara 100 na 160, kwa hivyo usishtuke ukimpakata na kuusikia ukikimbia. Lakini ni nani anayeuambia moyo upige? Na ni nani anayeuambia upunguze mwendo? Majibu ya maswali haya yalichukua miaka mingi kupatikana, na leo ndiyo yanayotuwezesha kumwokoa mtoto aliyekunywa dawa ya shambani. Ndiyo sababu nimekuletea historia hii.

Moyo una umeme wake

Mama wa kando ya ziwa analijua jambo hili. Ukimpasua ngege aliyetoka majini sasa hivi, moyo wake huendelea kutukutika hata baada ya kuutoa. Hakuna ubongo unaouamuru tena, lakini bado unapiga. Wataalamu wa zamani waliliona jambo hilo kwa vyura, wakajiuliza nguvu hiyo yatoka wapi.

Nguvu hiyo ni umeme. Kila seli ya moyo ni kama betri ndogo sana. Ndani yake mna potasiamu nyingi, na nje mna sodiamu nyingi. Kwenye utando wa seli kuna vijilango. Vikifunguka, madini hayo hupita, umeme hutokea, na seli hujikunja. Seli moja ikishtuka humshtua jirani yake, naye jirani yake, mpaka moyo mzima unajikunja na kusukuma damu.

Mwaka 1907, huko Uingereza, daktari Arthur Keith na mwanafunzi wake Martin Flack walitangaza kwamba wamepata mahali umeme huo unapoanzia. Flack aliliona kwanza katika moyo wa fuko, yule mnyama mdogo anayechimba ardhi. Ni kifundo kidogo juu ya moyo, upande wa kulia. Seli za hapo hazingoji kuamriwa. Hujijaza chaji zenyewe polepole, zikijaa hushtuka, kisha huanza tena. Wakati huohuo Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alikuwa ametengeneza mashine ya kuuchora umeme huo. Ile karatasi ya hospitali yenye mistari ya kupanda na kushuka ilianzia kwake, na mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mishipa ya fahamu hufanya nini?

Ikiwa moyo hujipigia wenyewe, mbona ukiona nyoka unaenda mbio, na ukilala unatulia? Hapo ndipo mishipa ya fahamu inapoingia. Ipo inayouharakisha moyo, na upo mmoja mkubwa wa kuupunguza mwendo, uitwao vagasi, unaoteremka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni. Mwaka 1845 ndugu wawili Wajerumani, Ernst na Eduard Weber, walionyesha kwamba ukiuchokoza mshipa huo kwa umeme, moyo hupunguza mwendo, hata husimama kwa muda.

Swali likabaki: mshipa huo huuambiaje moyo? Wengi walidhani umeme wa mshipa unaruka tu na kuingia kwenye moyo. Daktari mmoja wa mji wa Graz, Austria, aitwaye Otto Loewi, hakuridhika.

Loewi alisimulia kwamba usiku mmoja, karibu na Pasaka, aliota njia ya kulijaribu jambo hilo. Akaamka, akaandika kwenye kikaratasi, akalala tena. Asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe! Usiku uliofuata ndoto ikarudi. Safari hii hakungoja kuche. Alikwenda moja kwa moja kwenye maabara.

Alichukua mioyo miwili ya vyura, yote ikipiga ndani ya maji ya chumvi. Wa kwanza ulikuwa bado na mshipa wake wa vagasi, wa pili hauna. Akauchokoza mshipa wa ule wa kwanza, moyo ukapunguza mwendo. Kisha akayachota maji yaliyokuwa kwenye moyo huo akayatia kwenye moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa haukuguswa na mshipa wowote. Kumbe mshipa hutoa kitu, na kitu hicho kilikuwa ndani ya yale maji.

Habari hizo alizichapisha mwaka 1921. Baadaye ilithibitika kwamba kitu hicho ni asetilikolini, kemikali ambayo Mwingereza Henry Dale alikuwa ameichunguza tangu 1914. Ikiufikia moyo hufungua vijilango vya potasiamu, na zile seli za kuanzisha mapigo huchelewa kujaa chaji. Hapo moyo hutulia.

Loewi aligundua mambo mengine mawili ambayo nakuomba uyashike. La kwanza, mwili una kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini mara tu inapomaliza kazi, la sivyo moyo ungeendelea kuzuiwa. La pili, dawa iitwayo atropini huuzuia moyo usiisikie asetilikolini.

Mwaka 1936 Loewi na Dale walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini Loewi alikuwa Myahudi. Machi 1938 Wanazi walipoiteka Austria, walimtia gerezani. Ili aruhusiwe kuondoka nchini, alilazimishwa kuwaachia zile fedha za tuzo. Aliishia Marekani, akafia New York mwaka 1961.

Sumu ikaja

Sasa sikiliza kwa makini. Desemba 1936, mwezi uleule wa kupokea tuzo hiyo, mkemia Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa ya kuua wadudu. Alitengeneza kemikali kali mno, hata jeshi la nchi yake likaichukua kuwa silaha. Kutoka katika ukoo huo wa kemikali, uitwao oganofosfeti, zilitoka dawa nyingi za kunyunyizia mimea na baadhi ya dawa za kuogeshea mifugo. Kazi yake ni kukiharibu kile kimeng'enya. Asetilikolini hurundikana mwilini bila wa kuivunja. Mdudu hufa, na mtoto akiinywa hupatwa na yaleyale.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu, mama mmoja aliletwa kwa bodaboda akiwa na mtoto wa miaka miwili. Mtoto alikuwa akitokwa na mate na machozi, ametapika na kuhara, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama nukta. Kifua kilikoroma kama kina maji. Nilipomshika mkono, mapigo yalikuwa ya polepole mno kwa mtoto wa umri wake. Alinuka kama kitunguu saumu. Dawa ya sukuma wiki ilikuwa imetiwa kwenye chupa ya soda na kuwekwa chini ya kitanda. Nyumbani walikuwa wamempa maziwa wakidhani yatakata sumu.

Tulimpa oksijeni na atropini, tukarudia, tukarudia tena, huku tukisikiliza kifua na kuhesabu mapigo. Taratibu kifua kikaanza kukauka na moyo ukaongeza mwendo, tukampeleka hospitali kubwa. Alipona. Baba yake alikuwa amekuja na mkebe wenyewe wa dawa, ndipo tukajua mara moja tunapigana na nini.

Mama, atropini tuliyomdunga ndiyo ileile Loewi aliyoijaribu kwa vyura. Lakini mtoto akichelewa mno kufika, huenda tusiweze kumwokoa.

Mambo ya kukumbuka

1. Usitie kamwe dawa ya shambani au ya mifugo kwenye chupa ya soda, ya maji au ya dawa ya kikohozi. Iache kwenye mkebe wake, uifungie kwa kufuli, mbali na chakula na mahali pa kulala.

2. Mkebe ukiisha usiugeuze kuwa wa maji au mafuta ya kupikia. Utoboe ili mtu mwingine asiutumie.

3. Ukiona mtoto anatokwa na mate mengi, machozi na jasho, mboni zimekuwa ndogo, anatapika, anahema kwa shida au misuli inarukaruka, shuku sumu.

4. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala mayai.

5. Mvue nguo zilizolowa dawa na umwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Wewe mwenyewe vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, kwa sababu sumu hii hupita kwenye ngozi.

6. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitalini sasa hivi. Beba mkebe au lebo ya dawa.

7. Anayenyunyizia dawa abadilishe nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto.

Leo kabla ya kulala, chukua tochi uangalie chini ya kitanda, nyuma ya mlango na kwenye rafu ya jikoni. Ukikuta chupa isiyo mahali pake, iondoe usiku huuhuu.

Mpaka juma lijalo, kwaheri, na Mungu awalinde watoto wetu.