Kura zenye kutupwa Florida: wakati mashini haitendei wote sawa

Mwezi wa kumi na moja 2000, George W. Bush alimshinda Al Gore katika jimbo la Florida, Marekani, kwa kura 537 tu, na hizo ndizo zilimpa urais. Lakini ndani ya jimbo hilo, kura karibu 180.000 zilitupwa. Watu walipanga mstari, wakapiga kura, wakarudi nyumbani wakijua wamechagua. Mashini haikuwahesabu.

Kura ilitupwa kwa sababu mbili: ama mashini haikuona alama yoyote kwa rais, ama iliona alama kwa wagombea wawili.

Mwezi wa sita 2001, Tume ya Haki za Raia ya Marekani ilitoa ripoti. Kadiri ya hesabu zake, kura 14,4 kwa mia za watu weusi zilikataliwa. Kwa wengine wote ilikuwa 1,6 kwa mia. Kura ni siri, haiandikwi rangi ya mtu, kwa hiyo wataalamu walilinganisha kura zenye kutupwa na wakaaji wa kila eneo. Wajumbe wawili wa tume walipinga hesabu hiyo.

Mfano wenye kueleweka zaidi ni wilaya mbili jirani, Gadsden na Leon. Zote zilitumia karatasi yenye kusomwa na mashini. Leon, mashini ilikuwa palepale kwenye biro ya kura: ukikosea, inakurudishia karatasi, unachukua ingine. Gadsden, wilaya pekee ya Florida yenye weusi wengi kuliko Wazungu, karatasi zilipelekwa kusomewa pamoja kwenye makao ya wilaya. Kosa lilionekana mwenye kura akiwa kwake, pengine amelala tayari. Leon haikupoteza hata kura moja kwa mia. Gadsden ilipoteza karibu 12.

Duval nako, majina ya wagombea urais yaligawanywa kwa kurasa mbili, na mfano wa karatasi uliotangazwa mbele ulisema piga kura kwa kila ukurasa. Waliotii walijiharibia kura.

Je, si ni shida ya masomo tu? Michael Tomz na Robert Van Houweling walichunguza South Carolina na Louisiana, wakachapisha kazi yao 2003. Penye kadi za kutoboa ao karatasi za kusomwa na mashini, tofauti kati ya weusi na Wazungu ilikuwa pointi 4 mpaka 6 kwa mia. Penye mashini zenye kukataza kuchagua wawili, ilipungua karibu mara kumi.  Ukubwa wa tofauti ulitegemea chombo.

Sheria ya 2002 ilitoa pesa za kuondoa kadi za kutoboa, ikaomba mwenye kura aonyeshwe kosa lake mbele ya kumaliza. Ila iliacha mlango: wilaya zenye kuhesabia karatasi pahali pamoja ziliruhusiwa kufundisha wapiga kura tu, bila kuweka mashini kwenye biro.