Nipe Mji: Historia Fupi ya Chemshabongo na Zawadi Zake

"Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." "Yai!"

Maneno haya machache ndiyo yaliyowafungulia wengi wetu lango la Kiswahili. Sisi tunaoifundisha lugha hii mbali na pwani hatukuona shida kuyapokea, kwa kuwa majirani wote wa eneo hili wanayo desturi iyo hiyo. Nchini Rwanda, kwa mfano, mtegaji huita "Sakwe sakwe!" na wenzake humwitikia "Soma!" Hata hivyo, mchezo wa Kiswahili una kanuni moja ambayo twapenda kuitazama kwa makini. Mteguaji akishindwa, mtegaji humwambia, "Nipe mji." Hutajiwa Mombasa, akakataa, hutajiwa Kigoma, akakataa, hutajiwa Bujumbura, akaridhika. Ndipo aeleze alivyofika mjini humo na kupokewa kwa heshima, kisha atoe jibu. Mji huo hauuzwi wala haurithiwi, na kesho yake mwenye kuupata huamkia kwao vilevile.

Zawadi ya namna hiyo ina faida gani? Swali hili tuliulizwa na mwanafunzi wetu mmoja tulipokuwa tukitayarisha shindano la chemshabongo baina ya shule mbili. Alitaka ajue kwanza kitakachotolewa, ndipo aamue kama inafaa kujisumbua kusoma. Siku ile hatukuwa na jibu. Tulilipata baadaye katika historia ya mchezo huu huko Marekani, ambako zawadi ilipanda hata ikauvunja mchezo wenyewe, na walioufufua wakawa vijana wasiochezea fedha.

Mwaka 1940 redio za Marekani zilianza kutangaza mchezo wa maswali ambao zawadi yake kubwa ilikuwa dola 64. Wasikilizaji waliupenda mno, na swali la dola 64 likawa msemo wa watu wa kawaida, wenye maana ya swali gumu kuliko yote. Miaka 15 baadaye, mwezi wa Juni 1955, mchezo huo ulihamishiwa katika televisheni, na zawadi ikazidishwa mara elfu moja: dola 64,000. Mamilioni ya watu walikaa mbele ya televisheni zao kumtazama fundi viatu au askari polisi akijibu maswali ya muziki wa opera au ya tamthilia za Shakespeare. Makampuni yaliyodhamini vipindi hivyo yaliona bidhaa zao zikinunuliwa kwa wingi, na vipindi vingine vya namna hiyo vikafuata.

Kimojawapo kiliitwa Twenty-One, kilichoanza mwezi wa Septemba 1956. Washindani wawili walifungiwa katika vibanda visivyopenya sauti, kila mmoja akijaribu kufikisha pointi 21. Siku ya kwanza mchezo ulichezwa kwa haki, nao ulichosha, maana washindani walikosa maswali mengi. Mdhamini, ambaye alikuwa muuzaji wa dawa ya kuongeza damu, alikasirika. Tangu hapo watayarishaji waliamua wenyewe nani ashinde na nani ashindwe. Mwanafunzi mmoja wa chuo, Herbert Stempel, alipewa majibu akashinda juma baada ya juma. Watayarishaji walipoona watazamaji wamemchoka, tarehe 5 Desemba 1956 aliamriwa akosee swali rahisi: filamu gani ilipata tuzo ya filamu bora ya mwaka 1955? Jibu lilikuwa Marty, filamu aliyoijua na kuipenda sana. Lakini alitaja nyingine, kama alivyoagizwa.

Aliyeandaliwa kuchukua nafasi yake alikuwa Charles Van Doren, mwalimu wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Jamaa yake walikuwa watu wa kalamu, na baba yake, Mark Van Doren, alikuwa mshairi mashuhuri na mwalimu katika chuo hicho hicho. Kijana huyu alishinda hata akafikisha dola 129,000 kabla ya kushindwa mwezi wa Machi 1957. Picha yake ilitolewa kwenye jalada la gazeti la Time, na wazazi waliwaambia watoto wao wamwige.

Lakini la kuvunda halina ubani. Stempel alipokwenda kwa waandishi wa magazeti kueleza siri hiyo, wengi walimdhania mwenye kijicho. Mwezi wa Mei 1958 mtu aliyekuwa akingoja zamu katika kipindi kingine, kilichoitwa Dotto, aliliona daftari la mshindani mwenzake, nalo lilikuwa na majibu. Uchunguzi ukaanza. Van Doren alikana kwanza, hata mbele ya baraza la raia lililochunguza mashitaka. Mwishowe, tarehe 2 Novemba 1959, mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi, alikiri kwamba alipewa maswali pamoja na majibu, na kwamba alifundishwa hata namna ya kusita kana kwamba anatafuta jawabu kichwani. Alipoteza kazi yake chuoni na ile ya televisheni. Mwaka 1960 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria, na kupanga matokeo ya mashindano kama hayo likawa kosa la jinai.

Sisi walimu twapaswa kuliangalia jambo moja katika ungamo lake. Mwanzoni alisitasita. Mtayarishaji akamshawishi kwa kumwambia kwamba akionekana akishinda mbele ya taifa zima, atakuwa ameisaidia elimu na kuwapa walimu heshima. Kwa hiyo aliingia mtegoni akiamini kwamba anaitumikia kazi yetu.

Baada ya aibu ile, vituo vya televisheni viliogopa kurudia michezo ya maswali. Mtayarishaji Merv Griffin alipolalamika juu ya jambo hilo, mkewe Julann alimpa wazo la mzaha: kwa kuwa kosa lilikuwa ni kuwapa washindani majibu, basi wapewe majibu hadharani, nao watafute maswali! Kutokana na mzaha huo ulizaliwa mchezo wa Jeopardy!, uliotangazwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Machi 1964.

Ufufuo mwingine ulitokea mahali ambapo mtu asingedhania, napo ni Chuo Kikuu cha Columbia, kile kile alichofundisha Van Doren. Mwaka 1965 wanafunzi wawili, Ed Goodgold na Dan Carlinsky, walianzisha mashindano ya kuulizana mambo madogo madogo ya utotoni: vipindi vya redio, filamu za zamani, majina ya mashujaa wa hadithi za picha. Hakuna aliyetarajia kutajirika. Furaha yao ilikuwa kukumbuka pamoja. Mchezo waliuita "trivia", na mwaka 1966 walitoa kitabu chenye jina hilo.

Neno lenyewe litawapendeza walimu wa lugha. Katika Kilatini, trivium ni mahali zikutanapo njia tatu, yaani njia panda. Katika shule za Ulaya za zama za kati, jina hilo lilitajia masomo matatu ya kwanza: sarufi, ufasaha wa kusema na mantiki. Baadaye neno likashuka cheo likawa na maana ya mambo yasiyo na uzito. Basi mwenye kuudharau mchezo huu kwa jina lake, na ajue kwamba anakanyaga mlango wa darasa la sarufi.

Mwezi wa Desemba 1979, mjini Montreal, Kanada, waandishi wa habari wawili, Chris Haney na Scott Abbott, walibuni mchezo wa ubaoni wa Trivial Pursuit, ambao baadaye uliuzwa kwa mamilioni. Mwandishi Fred Worth, aliyetoa kamusi ya mambo hayo mwaka 1974, aliwashitaki kwa kunakili kazi yake. Alikuwa na ushahidi, maana alikuwa ametia kitabuni uongo mmoja kwa makusudi, kwamba jina la kwanza la mpelelezi Columbo wa televisheni ni Philip. Uongo huo ulionekana katika mchezo wao! Hata hivyo alishindwa, na mwaka 1987 mahakama ya rufani ilithibitisha kwamba jambo lililotangazwa kuwa la kweli halina mwenyewe. Kila mtu aweza kulichota.

Siku hizi maelfu ya watu huulizana kwa njia ya intaneti. Katika ligi moja iliyoanzishwa mwaka 1997, LearnedLeague, wapinzani wawili hupewa maswali sita kwa siku ya mchezo. Hapana mwamuzi anayewatazama, na majibu yote yamo katika simu iliyo mkononi mwao. Kanuni kuu ni kutoyatafuta, na mwenye kuivunja hujiibia mwenyewe, kwa kuwa hakuna dola elfu moja inayomngoja.

Hapa yatupasa kuungama letu. Katika lile shindano la shule mbili, mfanyabiashara mmoja alijitolea kuipa redio shule itakayoshinda. Sisi ndio tulioombwa kutunga maswali. Ilipobaki siku mbili, tuliwafundisha wanafunzi wetu mambo yale yale yaliyokuwamo katika karatasi yetu, tukaliita somo hilo marudio. Walishinda. Mwanafunzi aliyeuliza habari za zawadi alitutazama maswali yalipokuwa yakisomwa, akainamisha kichwa. Tulijiambia kwamba tulifanya vile kwa ajili ya elimu. Hatukuwa tumesoma bado habari za Van Doren.

Mwaka uliofuata tuliomba shindano lifanyike bila zawadi, na maswali yatungwe na shule ya tatu. Tuliongeza kanuni moja ya wazee: timu iliyokosa swali itoe mji, na timu iliyopewa isimame ieleze kwa Kiswahili imefikaje huko, imeona nini na imepokewaje na wenyeji. Wanafunzi walikwenda kutafuta ramani. Walisoma habari za Lamu, Tabora, Ujiji na Kisangani ili wasije wakapewa mji wasioujua. Yule mwanafunzi wetu alipewa Bagamoyo, akaieleza muda mrefu hata wenzake wakamwomba akae.

Twawashauri walimu wenzetu walijaribu jambo hili madarasani mwao. Na walio na desturi nyingine za kutegeana vitendawili katika lugha za kwao, tungefurahi wakituandikia katika ukurasa huu, wakieleza aliyeshindwa hutoa nini.